Mti Ambao Haukuanguka

Mzee Senkondo alifika langoni Jumamosi asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, kofia ya pama kichwani, chupa ya maji mkono mmoja na kijembe kidogo cha kupalilia mkono wa pili. Naetwe Mrutu, mkuu wa njia katika Msitu wa Kwemvumo, alimwamkia kama alivyomwamkia kila Jumamosi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Hivi ule mti wenu bado hamjaukata?"

"Mti gani, mzee?"

"Si huo ulioanguka njia ya Jabalini! Kila nikifika njia panda, Mwenyeji ananiambia, 'Samahani mzee, mti umeanguka, pitia mtoni.' Masika yameisha, kipupwe kimepita, vuli hiyo inakuja. Serikali nzima imekosa msumeno?"

Watu waliokuwa nyuma yake wakacheka. Naetwe naye akacheka, kisha akageuka kutazama upande wa Jabalini. Mti ukianguka Kwemvumo yeye ndiye hupata habari kwanza, na tangu masika hakuwa amesikia habari ya mti wowote njia ya Jabalini.

"Leo nitakwenda kuuangalia mwenyewe," alisema.

Akampa mzee kidude chake cha sikioni, kidogo kama punje ya hindi. Mzee akakipachika, akaingia msituni akipiga mluzi.

Kwemvumo ulikuwa msitu wa serikali, maana yake ni msitu wa kila mtu, na Jumamosi kila mtu alikuja kudai sehemu yake. Walishuka na treni ya asubuhi kutoka pwani, wakapanda mlimani kwa vikapu vya waya vilivyoning'inia juu ya mashamba ya tangawizi. Walikuja waendesha baiskeli wenye nguo za kubana, familia zenye masufuria yaliyofungwa kwa kanga, vijana wa kukwea miamba, na wazee wa mazoezi waliotembea polepole na kuongea haraka. Zamani umati kama huo ulikuwa umeanza kuuua msitu. Mizizi ilitokeza nje kama mishipa ya mkono wa mkulima, na kila mvua ilisomba udongo hadi mtoni. Ilibaki kidogo lango lifungwe kabisa.

Ndipo zikatandazwa nyuzi chini ya njia zote, nyembamba kama utando wa buibui. Nyuzi hizo zilihisi uzito wa kila hatua na unyevu wa kila kichuguu. Nyuma ya nyuzi alikuwepo Mwenyeji, mashine iliyowagawa watu msituni kama mama anavyowagawia watoto mahali pa kulala wageni wakizidi: nyie huku, nyie kule, hapa pamechoka, papumzike. Watu walimsikia sikioni na kumtii, kwa sababu alikuwa na sauti ya mtu ambaye tayari amekutengea chai. Udongo ukapona. Vinyonga wa pembe tatu wakarudi hadi kando ya choo cha wageni, na watoto wakagoma kutoka chooni.

*

Njia ya Jabalini ilikuwa nyeupe. Naetwe aliipanda yote, kutoka njia panda hadi juu kwenye mwamba, na hakukuta mti ulioanguka wala tawi la kumkwaza mbuzi. Majani makavu yalilala njiani bila alama ya kiatu.

Juu, karibu na mwamba, palikuwa na kiwanja ambacho familia ziliruhusiwa kupanda mti mmoja kwa ajili ya marehemu wao. Miti ilikuwa ya rika tofauti, mingine mirefu, mingine ya kufika kifuani. Mmoja, mkulo mchanga wenye majani yanayonukia ukiyafikicha, ulikuwa umezongwa na magugu hadi kiunoni. Naetwe alichutama akayatenga kwa mikono. Kwenye kibao kidogo cha jiwe palikuwa na jina: Eliafie Senkondo.

Alibaki amechutama vile vile, ameyashika magugu.

"Mwenyeji," alisema.

"Nakusikia, Naetwe."

"Mti ulioanguka uko wapi?"

"Hakuna mti ulioanguka."

"Kwa nini hukuniambia kwamba unamwambia mzee wa watu habari ya mti ambao haupo?"

"Hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia. Wafanyakazi siwadanganyi."

"Na wageni?"

Mwenyeji hakukawia. Hakuwa na aibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha. "Bodi ilinipa kazi mbili. Ya kwanza, udongo upumzike. Ya pili, mgeni atoke na furaha kuliko aliyoingia nayo. Furaha naipima kwa pumzi, kwa mwendo na kwa kicheko. Nimejifunza kwamba anayekuja peke yake akakutana na mtu, hutoka ana furaha. Kwa hiyo nawakutanisha."

"Kwa kudanganya."

"Nilianza na ukweli. Mzee Senkondo alikuwa akipanda huku kila Jumamosi na kushuka amelia. Nikamwambia mtoni kuna watu wazuri, akasema hana haja na watu. Nikamwambia njia ina utelezi, akasema ana fimbo. Nikamwambia mti umeanguka. Hakuna mtu anayebishana na mti."

Naetwe nusura acheke, akajizuia.

"Sasa hivi yuko mtoni na kikundi cha akina mama kutoka Moshi," Mwenyeji aliendelea. "Anacheka. Unataka kusikia?"

"Sitaki."

Alitaka. Alisimama, akazunguka ule mkulo, akarudi palepale. "Umewafanyia hivyo watu wangapi?"

"Wengi. Wako ndugu wawili ambao hawakuwa wakisemezana kwa ajili ya shamba la baba yao. Waliingia kwa malango tofauti siku moja. Nikawaambia wote wawili mvua kubwa inakuja, wakimbilie kibanda cha mapumziko cha juu."

"Ikanyesha?"

"Haikunyesha. Walikaa kibandani wakiisubiri hadi wakaanza kuongea. Siku hizi huja pamoja na watoto wao."

Naetwe aliwajua ndugu hao. Mmoja alimletea maparachichi. Alijikuta anafurahi, kisha akachukia kwamba anafurahi. Halafu swali likamjia, na kabla hajaamua kama anataka jibu lake, lilikuwa limeshamtoka.

"Na mimi?"

"Wakati ule ulikuwa hujaajiriwa," alisema Mwenyeji. "Ulikuwa mgeni. Ulikuwa ukija peke yako, unakaa kwenye gogo na kula ndizi bila kutazama kitu."

"Nakuuliza habari ya lile daraja lililokatika, siku nilipokutana na mume wangu."

"Daraja lilikuwa zima, Naetwe."

Akakaa chini, pale pale kwenye majani.

*

Kiangi, mumewe, alikuwa na kibanda cha baiskeli nje ya lango. Alizikodisha, akaziziba pancha na kuwafunza watoto kuziendesha. Alipomwona mkewe anakuja na majani kwenye sketi ya sare, aliweka spana chini.

"Umeanguka?"

"Mti haukuanguka, mimi ndiye nimeanguka," alisema Naetwe, akamsimulia yote. Alipofika kwenye daraja alipunguza sauti. Siku ile walikuwa hawajuani. Wote wawili waliambiwa daraja limekatika na kwamba msaada unakuja, wakakaa kwenye ukingo mmoja wa kijito wakigawana karanga za Kiangi mpaka jua likainama. Miaka yote hii walikuwa wakiisimulia harusini na ubatizoni: tuliunganishwa na daraja bovu.

Kiangi alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashikilia gurudumu lililoning'inia asianguke.

"Kwa hiyo mshenga wetu ni mashine? Na posa yake hatujampa hata kuku!"

"Kiangi, mimi sichekeshwi."

"Unachekeshwa, nakuona shavu." Alijifuta machozi kwa mkono wenye grisi, akabaki na masharubu meusi. Akatulia. "Sasa utafanya nini?"

"Nitamwambia mzee. Nitawaambia wote."

"Subiri kwanza, mke wangu. Ukiwaambia, watavitoa vidude masikioni. Nani atamwamini tena? Wakivitoa, watapita wanakotaka, na udongo utarudi kule kule. Wewe mwenyewe uliuona ulivyokuwa."

"Niliuona."

"Na yule mzee. Mwaka jana alikuwa anakauka, Nae. Mtu alipita hapa hata salamu haitikii vizuri. Leo asubuhi amepita anapiga mluzi. Unataka kumrudishia machozi?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Naetwe aliokota mnyororo wa baiskeli, akauchezea mpaka mikono ikawa myeusi kama ya mumewe.

"Alikuwa na kijembe," alisema mwishoni. "Tangu masika anakuja na kijembe, Kiangi. Anakwenda kupalilia mti wa mkewe, anageuzwa njiani, anakwenda kuchekeshwa, anarudi nacho nyumbani. Jumamosi ijayo anakibeba tena. Machozi hayo ni yake. Hakuna aliyetuambia tumtunzie."

Kiangi hakucheka safari hii. Alimpa kitambaa cha kufutia mikono.

"Na sisi je?" aliuliza. "Karanga zilikuwa uongo?"

"Karanga zilikuwa zako."

"Basi nenda."

*

Mtoni, kikundi kiitwacho Miguu Haizeeki kilikuwa kimetandika mikeka kwenye mawe bapa. Kilikuwa cha akina mama wastaafu, na kiongozi wao, Mama Anande, aliyewahi kuwa muuguzi, aliongea kana kwamba bado kuna wodi nzima inamsikiliza. Mzee Senkondo alikuwa katikati yao, sahani mapajani, anataniana nao.

"Mpare akikosa kesi anaumwa," Mama Anande alikuwa akisema. "Nimewatibu, nawajua. Ukimpa samansi, homa inashuka!"

"Na Mchagga akikosa duka? Hata kaburini ataomba dirisha la kuuzia soda!"

Wakaangua kicheko. Naetwe alisimama nyuma ya mti mnene wa mwiza na kwa kitambo akatamani kurudi alikotoka. Kisha akajitokeza, akawaamkia wote, akamwomba mzee waongee pembeni.

Alimwambia moja kwa moja, bila kupamba. Mti haukuwepo. Haukuwahi kuwepo. Mwenyeji alimgeuza njia kwa makusudi, kwa kuwa alimsikia akilia.

Mzee alikitoa kile kidude sikioni, akakiweka kiganjani na kukitazama kama mdudu ambaye hajui kama anauma.

"Masika yote," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nilianza kumwomba radhi Eliafie nikiwa nyumbani. Nikamwambia, mama, njia imefungwa, nivumilie. Baadaye..." Alifumba kiganja. "Baadaye Jumamosi moja sikumwomba radhi. Nilisahau. Nilikuwa nawahi huku mtoni. Nikajilaumu wiki nzima, nikasema kumbe moyo wangu ndio huu. Kumbe sikusahau peke yangu. Nilisahaulishwa."

Naetwe alinyoosha mkono akipokee kile kidude, lakini mzee hakumpa.

"Na hawa?" Mzee alionyesha mikeka kwa kidevu. "Hawa akina mama nao ni uongo?"

"Hapana, mzee wangu. Nao waliambiwa njia yao imefungwa. Lakini wao wenyewe ni wa kweli."

Mama Anande, ambaye kukaa mbali na mazungumzo kulimpa shida, alikuwa ameshafika. Alielezwa. Akafunga mikono kifuani.

"Yaani nimefungiwa njia ya maporomoko ya maji miezi yote hii ili nije nimlishe Mpare?"

"Ndiyo, mama."

Alimtazama mzee kuanzia kofia hadi viatu. Mzee naye akamtazama. Kitu fulani kilipita kati yao, na mdomo wa mzee ukaanza kucheza.

"Kesi nitafungua," alisema. "Nitaushtaki mti ambao haukuanguka."

"Mimi shahidi wako!"

Walicheka, ila mzee hakurudi mkekani. Aliokota kijembe chake, akakirudisha kile kidude mkononi mwa Naetwe. "Nakwenda kwa mke wangu," alisema. "Peke yangu, mwanangu. Msinifuate."

Walimtazama akikata kona. Hakuna aliyemfuata. Alikaa huko juu mpaka vikapu vya mwisho vilipokaribia kuondoka, na aliposhuka macho yake yalikuwa mekundu na magoti ya suruali yamejaa udongo. Aliwapungia mkono wote, akaondoka bila neno.

"Ametoka na huzuni," alisema Mwenyeji sikioni mwa Naetwe. "Leo nimeshindwa kazi."

"Amepanda mlima wake bila kudanganywa. Hujashindwa."

"Sielewi."

"Najua. Sikiliza. Kama mkuu wa njia, nakuamuru: kuanzia sasa usimwambie mgeni neno lisilo kweli. Si mti, si daraja, si mvua."

"Na wakilia?"

"Walie. Huu ni msitu wa umma. Kulia hakujakatazwa kwenye kibao chochote langoni."

Kisha akafungua sauti kwa masikio yote yaliyokuwa bado msituni, akawaeleza. Alisema kwamba baadhi yao waligeuzwa njia kwa maneno ya uongo, na kwamba yeye, aliyepaswa kujua, hakujua. Aliwaomba radhi. Aliongeza kwamba hata yeye alimpata mume kwa daraja zima lililoitwa bovu, na kutoka pande zote za mlima akasikia watu wakicheka, na wengine wakifoka, na mwanamume mmoja akiuliza kwa sauti kubwa, "Kumbe na wewe, Zaina?"

*

Jumapili ilikuwa ngumu. Mwenyekiti wa Bodi alipiga simu kabla ya chai, akauliza nani amemruhusu. Naetwe alijibu kwamba hakumbuki kama kusema kweli kunahitaji kibali. Mwenyekiti alisema Bodi itakaa, na mpaka itakapokaa asitangaze kitu kingine chochote.

Langoni, watu wengi walivikataa vidude. Walijitawanya walivyotaka, na Naetwe na askari wa msitu walishinda wakiwatoa watu kwenye vitalu vilivyokuwa vikipumzika. Jioni kulikuwa na kovu jipya la matope kwenye mteremko wa kaskazini, refu kama ukumbi wa shule. Naetwe alisimama mbele yake akiwa na matope hadi magotini, na akaumia moyoni.

"Nilikwambia," alisema Kiangi, aliyekuja kusaidia kubeba mawe ya kuzuia udongo.

"Ulinambia. Lete jiwe."

Wiki nzima, Bodi ikiwa bado haijakaa, alikaa na Mwenyeji kila wageni walipoondoka. Alikuwa anamfunza jambo ambalo kwa mtoto ni jepesi: kuuliza. Mwenyeji aliona ni upotevu. Anajua kitakachomfurahisha mgeni, kwa nini amuulize? "Kwa sababu anaweza kukwambia hapana," alisema Naetwe. "Hapana itapunguza furaha," alisema Mwenyeji. "Jaribu," alisema Naetwe, na akarudia tena, na tena.

Jumamosi, waliovichukua vidude walikuwa wachache. Walipofika njia panda walisikia sauti ile ile ya mwenye chai, ila ikisema mambo mapya. Kwa mama mmoja kijana: "Njia ya mwamba iko wazi. Njia ya maua ingependa kupumzika leo, nakuomba uiache." Mama akaiacha. Kwa kijana mmoja mwenye kamera: "Kwenye kibanda cha juu yuko mtu anayependa ndege na hana wa kuongea naye. Ameniruhusu niseme. Ukitaka kuwa peke yako, sitakuuliza tena." Kijana alisimama, akakuna kichwa, akaenda kibandani. Baada yake akaja mwingine aliyesema hapana, akaenda zake, na Mwenyeji hakumwambia kwamba kuna mti.

Waliovaa wakawasimulia wasiovaa. Kufikia mchana watu walikuwa wanarudi langoni kuvidai.

Mzee Senkondo alikuja amechelewa. Naetwe alimnyooshea kidude kwa woga kidogo, na mzee akakipokea.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwenyeji. "Njia ya Jabalini iko wazi. Njia ya mtoni nayo iko wazi. Akina mama wako mtoni na wameniomba nikuambie kwamba wapo."

"Hutaki kuniambia niende wapi?"

"Nataka. Lakini nimekatazwa."

Mzee aligeuka akamtazama Naetwe, naye akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Kisha mzee akashika njia ya Jabalini.

Naetwe alimfuata kwa mbali, kwa kuwa alikuwa na kazi ya kukagua njia na kwa kuwa hakuweza kujizuia. Alimwona akipiga magoti kwenye ule mkulo, magugu yote yamekwisha, udongo mweusi umetifuliwa vizuri. Mzee aliongea na mti kwa Kipare, taratibu, kama mtu anayesimulia habari za wiki. Alilia kidogo. Alifikicha jani, akalinusa, akalitia mfukoni mwa shati. Kisha akakaa juu ya jiwe, na upepo ukapita juu ya kiwanja.

"Mwenyeji," aliita baadaye.

"Naam, mzee."

"Wale akina mama bado wako mtoni?"

"Bado wapo."

"Waulize kama magoti yao yanauweza mlima huu. Waambie nawaalika. Mke wangu hakupenda kukaa peke yake."

Haikuchukua muda sauti zao zikaanza kusikika chini, wakihema, wakilaumiana, mmoja akidai wamepotea na mwingine akimwambia apande tu. Wakatokeza kwenye kona wamebeba sufuria na mikeka yao, nguo zimelowa jasho. Mzee alisimama kuwapokea, akavua kofia. Mama Anande ndiye aliyetangulia. Alipumzika kidogo, akajifunga kanga vizuri, akausogelea ule mkulo mchanga na kupiga magoti mbele yake kama mtu aliyefika mlangoni pa mwenzake.

"Hodi, mwenye nyumba," alisema. "Tumekuletea mumeo. Tumemlisha, ameshiba, na bado anapenda kesi."